Mama, Ulijua Habari ya Macho Yetu

Mama yangu,

Nakuandikia kwa hasira, kwa hiyo usingojee salamu ndefu. Tangu tukuzike miaka tano imepita, na sijakuandikia hata mustari mumoja. Nilikuwa nakuombea. Nilikuwa nakutaja mbele ya watoto, na nikipika nilikuwa nasema Mama angeongeza chumvi. Ilikuwa inatosha. Sasa haitoshi tena. Kuna neno ambalo mimi nimelijua wiki hizi chache, na wewe ulilijua miaka makumi mbili na ine, ukalibeba mupaka kaburini. Leo watu wa nyumba wamekwenda kwenye misa ya pili, nimebaki peke yangu hapa mezani, na nitakuambia yote.

Nina ugonjwa wako, Mama. Ule wa macho.

Usidhani nilikwenda kuutafuta. Unanijua, mimi kwa dokteri nakwenda nikibebwa. Ila kama kila mutu aliyepita miaka makumi ine, nilianza kurefusha mukono ili nisome. Walimu wenzangu walinicheka, wakaniambia karibu uzeeni. Nikanunua miwani kwa muuzaji wa barabarani. Nilijaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine ikasoma, nikaenda nayo. Nani anapanga mustari kwa dokteri kwa sababu ya miwani ya kusomea? Macho ya uzee, tulisema, ni kawaida, yanampata kila mutu. Na ile miwani ilinisomesha vizuri sana. Nilikuwa nasahihisha makaye, yale madaftari ya watoto, mupaka la mwisho bila shida.

Kisha mama mumoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaja masomoni kunishitaki. Alisimama mbele yangu na mbele ya direkteri, amevaa kitenge chake cha kazi, hakuketi hata alipopewa kiti. Akasema: "Mwalimu, batoto bale banaikalaka ku ukuta, upande wa kushoto, haubaitake hata siku moja. Mwanangu ananyanyua mukono mupaka anachoka. Balikukosea nini?"

Mama, nilimujibu vibaya. Nilimwambia mimi nimefundisha zaidi ya miaka makumi mbili, hakuna aliyewahi kusema nabagua watoto. Nilimwambia arudi kwa samaki zake. Direkteri aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Kesho yake niliingia kalasini na hasira yangu, nikasimama mbele ya tablo, nikawaangalia wale watoto makumi sita. Nikafunga jicho la kuume. Benchi zote za ukutani zikapotea. Hazikuwa nyeusi, usifikiri giza. Hazikuwepo tu, kama vile chumba kimeishia pale katikati. Nikafungua jicho, nikageuza kichwa, watoto wapo, watatu watatu, mikono imeinuka. Nikawaambia wafungue kitabu wasome kimya, nikaketi.

Dokteri wa macho niliyekwenda kumuona aliniweka uso ndani ya kitu kama bakuli kubwa jeupe, akanipa kidude cha kubonyeza, akaniambia: kila ukiona nyota ndogo, bonyeza. Nikangoja. Nikaona moja, nikabonyeza. Nikangoja tena, muda murefu, nikawaza mashine yao imeharibika, hata nikafungua kinywa nimwambie. Kumbe nyota zilikuwa zinapita, na mimi nimeketi pale kama mujinga. Alipomaliza alinionyesha karatasi, sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Aliutaja ugonjwa kwa Kifaransa, glokome. Maji ya ndani ya jicho yanakosa njia nzuri ya kutoka, yanasukuma, na mushipa unaopeleka picha kichwani unakufa pole pole. Hauumi. Hautoi machozi. Unaanza kula pembeni na kuacha katikati, ndiyo sababu mutu anaendelea kusoma na kusema naona vizuri, asifiwe Bwana. Jicho la kushoto limepoteza sehemu kubwa, la kuume limeanza. Kilichokwenda hakirudi. Tunalinda kilichobaki, akasema, na dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

Alinieleza pia kwamba mutu akifika makumi ine, hata kama anaona sisimizi ukutani, lazima apimwe ndani ya jicho, na arudi kila baada ya mwaka ao miwili. Miwani ya barabarani haipimi kitu, inakuza herufi tu. Na aliye na mugonjwa katika jamaa asingojee hata hiyo makumi ine. Hapo ndipo aliniuliza kama kwetu kuna mutu aliyepoteza macho. Nikajibu haraka, kama mutoto anayejua somo lake: mama yangu, lakini yeye ni vumbi ya volkano. Hakucheka. Alisema vumbi inawasha macho na kuyafanya mekundu, lakini haipofushi mutu kwa namna niliyomueleza. Akauliza kama hakuna dokteri aliyewahi kukuona. Nikasema hapana. Nilisema hapana kwa moyo wangu wote, Mama.

Matone yenyewe hayakupatikana Goma, njia nyingi zimefungwa siku hizi. Nikamupigia simu mama mudogo Zawadi, ndugu yako, ambaye bado anafanya biashara yake kule Bunagana, nikamutumia jina la dawa ili aivushe kutoka upande wa Uganda. Alikuja nayo mwenyewe. Aliingia, akaketi, akakataa chai. Alikishika kile kichupa katika kiganja, akakigeuza, akakigeuza, kisha akaanza kulia bila sauti. Nikafikiri kuna mutu amekufa kwao.

"Vumi," akasema, "hii njo ile dawa. Mama yako aliitia mwezi mumoja, aliificha ndani ya unga."

Aliniambia yote, Mama. Yeye ndiye aliyekusindikiza. Mulikwenda mukisema munakwenda kununua mbegu. Dokteri wa wakati ule alikueleza ugonjwa, akakupa dawa, akakuambia uwalete watoto wako wote, kwa sababu hii inatembea katika damu. Na wewe ulitoka pale, mukasimama kando ya barabara, ukamuapisha ndugu yako kwa jina la mama yenu. Maneno yako alinirudilia kama ulivyoyasema: "Zawadi, tukipeleka Vumi kwa dokteri wa macho leo, kesho bale batu ba Masisi batasikia. Batasema kwetu kunazaliwa vipofu. Nani ataoa bana bangu?"

Wale watu wa Masisi ni wakwe zangu. Ulikuwa mwezi ule ule ambao umuranga wao, mushenga, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba katika kartie yetu, kama desturi yetu inavyotaka, anauliza pole pole kama kwetu hakuna kifafa, hakuna wazimu, hakuna uchawi, hakuna upofu. Kila mutu anajua umuranga ni mutu mupole sana, anayekunywa pombe yako na kusifu ng'ombe zako, na anarudi kusema yote aliyoona. Wewe ulimupokea vizuri. Ulimujibu vizuri. Mimi nikaolewa. Mahari ikaja, ng'ombe wakahesabiwa, wanawake wakapiga vigelegele, na dawa ikabaki ndani ya unga mupaka ikaisha, na hukununua nyingine kwa sababu Papa alikuwa karibu kuivumbua.

Tangu siku ile, kila kumbukumbu niliyokuwa nayo juu yako imegeuka, sijui niishike upande gani. Unakumbuka lungo yako? Ulikuwa unaketi mbele ya nyumba yetu ya mbao kule Katoyi, juu ya lile jiwe la volkano ambalo Papa alilichonga likawa kiti, unachagua maharagwe. Uso umeuinua, unasalimu wapita njia, na vidole vinatafuta mawe peke yao. Majirani walikusifu. Mama Vumi hana haja ya kuangalia, walisema, mikono yake ina macho. Ukacheka, ukawajibu kwamba mwanamuke wa Rutshuru anazaliwa amekwisha kushika lungo. Mimi nilijivuna. Nilijaribu kukuiga, nikaacha mawe, Papa akavunja jino, na ukanitania mwezi muzima. Ulianza pia kunishika mukono tukitembea. Nilidhani ni mapendo. Labda yalikuwa mapendo pia, sitaki kukunyima yote.

Na yule mutu wa chukudu? Sijui kama ulimukumbuka hata siku moja. Mimi sasa namukumbuka kila siku. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, tulikuwa tunatoka soko, wewe na mimi. Alishuka na chukudu yake imejaa makala ya kupikia, ile baiskeli nzito ya miti isiyo na breki ya maana, akitokea upande wako wa kushoto. Akakugonga. Ukaanguka, nyanya zikatawanyika barabarani. Nilimutukana yule mutu matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Watu wakakusanyika, vijana wakamunyang'anya chukudu, wakataka kumupiga. Alisema neno moja tu, anakuangalia wewe peke yako: "Mama, nimekuita mara tatu. Uliniangalia." Watu wote wakamuzomea, muongo. Ulisimama, ukapangusa kitenge, ukaomba wamurudishie chukudu yake. Nilipokuuliza kwa nini unamutetea, ukanijibu nimuache, ni mutoto wa watu.

Nilisimulia habari hiyo siku ya maziko yako. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, muone moyo wa huruma aliokuwa nao mama yangu. Watu walilia. Padiri alitikisa kichwa. Leo najua ile haikuwa huruma. Ulijua yule mutu anasema kweli, na ulitaka aondoke upesi kabla watu hawajaanza kumusikiliza. Uliacha aitwe muongo mbele ya barabara nzima.

Nafika sasa kwa ile ambayo siwezi kuimeza. Neema alipozaliwa, mutoto wangu wa kwanza, macho yako yalikuwa yamekwisha kuwa mabaya, hata wewe hukuweza kuficha tena. Ulisema ni vumbi, ni moshi wa makala, ni volkano. Tukakuamini; hapa Goma nani hana macho mekundu? Majirani wakasema maziwa ya mama aliyejifungua karibuni yanaponya macho. Ukaja nyumbani kwangu. Ukalaza kichwa juu ya magoti yangu, kama mutoto. Neema alikuwa na miezi miwili. Nilimutoa kwenye ziwa analia, nikamupa baba yake, nikakamua maziwa ndani ya macho yako, jicho moja, kisha lingine. Asubuhi na jioni, wiki mbili. Nilikuwa nayapangusa yanayoteremuka kwenye mashavu yako. Ulinishika kifundo cha mukono, ukaniambia, "Inapoa, mwanangu. Inasaidia."

Ulijua haisaidii. Ulijua jina la ugonjwa, ulijua jina la dawa, na ulijua kwamba yule anayekukamulia maziwa ndiye aliyeitwa na dokteri, na hukumuleta. Uliniacha nitie maziwa ya mutoto wangu ndani ya uongo wako. Nimejaribu kukuelewa, Mama, nakuapia nimejaribu. Hapo nashindwa.

Na wewe ndiye uliyekuwa unawaambia majirani kwamba muficha ugonjwa, kilio kinamufichua. Uliisema juu ya kila mutu wa kartie, isipokuwa juu yako.

Niliita Bahati mara moja, mutoto wako wa mwisho. Alikuwa bado anaendesha lile lori la samaki, Vitshumbi na Goma, Goma na Vitshumbi. Alinicheka kwenye simu. Alisema yeye anasoma namba ya gari wakati mimi bado sijui hata kama ni gari, na kwamba walimu wanapenda kusomea watu magonjwa. Kumupeleka kwa dokteri kulinichukua siku kumi, na mke wake alinisaidia. Alitoka ndani ya kile chumba na ile karatasi yake, aliketi juu ya benchi ya nje na kuangalia mikono yake. Jicho la kuume limebaki na tundu kama la ufunguo. Amepita na hilo jicho katika zile kona zote, Mama, na akina mama wamepanda juu ya mizigo nyuma yake na watoto mugongoni. Ni Mungu tu. Ameacha lori. Anaketi nyumbani, na akisikia mulio wa injini barabarani anaingia ndani.

Papa Neema, mume wangu, nilimwambia usiku wa siku ile ile mama mudogo alipokileta kile kichupa. Niliogopa, ni kweli, hata baada ya miaka hii yote. Alinisikiliza mupaka mwisho, akasema, "Vumi, ningekuoa tu." Nililia kwa hilo kuliko nilivyolilia macho. Baadaye, nikiwa nimetulia, nikajiambia labda anasema hivyo kwa sababu nimekwisha kumuzalia watoto na kumufulia nguo. Ndugu zake wasingekubali, hilo nalijua, na wewe ulilijua. Siku hizi nawaza vile na vile, na sipati pa kusimama.

Ungesema basi, Vumi ametambua kosa, yeye ni mwalimu, yeye hatalirudilia. Ngoja nikumalizie.

Neema ana muchumba. Ni kijana mwenye adabu, anafanya kazi ya kusoma mita za umeme, na jamaa yake ni watu wa kusali sana. Wiki ya pili baada ya mama mudogo kunifunulia yote, umuranga wao akaja. Muzee mupole, kofia juu ya goti. Nilimupa chai na mandazi. Alisifu nyumba, alisifu watoto, alisifu hata pazia. Kisha akauliza, akiangalia kikombe: "Na kwa upande wa afya, Mama Neema, kwenu ni salama?"

Kichupa kilikuwa katika mufuko wa nguo yangu. Nilikuwa nimetia matone asubuhi ile, macho yalikuwa bado yananiwasha kidogo. Nilikuwa nimekutukana wewe usiku wote. Na nikamujibu: "Salama kabisa, muzee."

Sikufikiri. Ilitoka tu, na tabasamu, na nikamuongezea sukari. Alipoondoka nilisimama mulangoni kumuaga, na nilisikia sauti yako katika koo yangu, ile sauti yako ya wageni, tamu. Niliingia chumbani nikajifungia. Nilikuwa na hamu ya kukupiga, na hakukuwa na mutu wa kupiga.

Siku ine sikusema. Siku ine nzima, Mama, nikimuona Neema anapita na simu yake anachekea mule ndani, anapima vitenge, anawauliza rafiki zake rangi gani. Nilijiambia nitamwambia baada ya sherehe. Nilijiambia akisha kuolewa tutakwenda kwa dokteri pole pole, bila watu kujua. Ona vile maneno yanakuja yenyewe. Hakuna aliyenifundisha, na yalikuwa yako, moja kwa moja. Siku ya tano nilimukuta anapepeta mchele nyuma ya nyumba, nikaketi karibu yake, nikamwambia: ugonjwa wangu, ugonjwa wa bibi yake, mjomba wake Bahati, na kwamba yeye pia lazima apimwe, sasa, na kila mwaka.

Aliacha kupepeta. Aliuliza swali moja.

"Siku ile umuranga anakunywa chai hapa, ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Aliniangalia. Unajua ana yale macho yako makubwa. "Kumbe ni vile inafanyikaka," akasema, akarudilia mchele wake. Ningesema nini? Kwamba mimi nimeficha wiki mbili na wewe miaka makumi mbili na ine? Aliyefichwa ni yeye, na kwake siku moja ilitosha.

Siku tatu hakunisemesha ila salamu. Siku ya ine, Alhamisi iliyopita, alivaa nguo ya kanisa asubuhi mapema, akasimama mulangoni, akasema twende. Niliketi nje ya chumba cha dokteri. Niliomba, na sikujua naomba kwa nani, kwa Mungu ao kwako. Akatoka. Macho yake ni mazima. Presio ya maji ya jicho ni nzuri, mushipa ni mzuri, ile karatasi yake ni nyeupe yote. Lakini dokteri amemufungulia kadi, na juu ya kadi ameandika wazi kwa nini lazima arudi kila mwaka: mama yake, bibi yake. Majina yetu mawili, moja chini ya lingine.

Tuliporudi alimupigia muchumba wake simu mbele yangu, hakujificha, akamusomea yote kama yalivyoandikwa. Kijana akasema atawaambia wazazi wake mwenyewe. Tangu siku ile hatujasikia kitu kutoka kwao. Jumamosi ijayo ndiyo siku iliyopangwa ya wao kuja kujionyesha rasmi. Tumekwisha kununua soda. Papa Neema anasema tusiulize, tungoje.

Jana jioni Neema alichukua nyundo ya baba yake. Alipiga musumari katika ukuta wa saluni, chumba chetu cha wageni, kando ya picha yetu ya ndoa, mbele kabisa ya viti ambavyo wageni wanaketi, na akatundika kadi yake ya macho. Inasomeka hata kwa mutu asiye na miwani. Aliporudi chumbani kwake niliinuka kuitoa, ndiyo, niliinuka. Mukono wangu ulifika kwenye musumari, nikaigusa ile kadi. Kisha nikaiacha na nikarudi kuketi.

Basi ndiyo hivyo, Mama. Watoto wa Bahati wanapimwa wiki hii, wanangu wawili wadogo wiki ijayo. Natia matone yangu kila siku, na watoto wa ukutani sasa ndio naanza nao kuwauliza. Yule mama wa sambaza nilikwenda kumuomba musamaha mpaka kwenye meza yake sokoni, mbele ya wenzake. Alinipa samaki. Yule wa chukudu sijui nitamupata wapi.

Nisingependa umalize hii barua ukidhani imekwisha kati yetu. Jumamosi watakuja, ao hawatakuja. Wakigeuka, nitajua uliogopa kitu cha kweli. Wakiingia, wakaketi mbele ya ile kadi, wakaisoma, na wakaomba chai, sijui nitakusamehe namna gani.

Mutoto wako wa kwanza, yule uliyemuozesha vizuri,

Vumilia